Gari la majitaka ndilo bomba letu

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Kwa miaka mingi, waliounganishwa na mabomba ya majitaka jijini wamekuwa takriban mmoja kati ya kila kumi, wengi wao katikati ya jiji, Kariakoo, Upanga na maeneo mengine machache. Wengine wote wanategemea choo cha shimo au karo. Siku likijaa, mwenye nyumba anapiga simu. Linakuja lori lenye tangi mgongoni, linashusha mpira, linanguruma, harufu inatanda mtaa mzima, kisha linaondoka. Limekwenda wapi? Ni nadra mtu kuuliza.

Katika jiji la namna hii lori lile ndilo mfumo wa majitaka wenyewe. Bomba la mamlaka likipasuka barabarani watu wanapiga simu, wanapiga picha, mafundi wanakuja. Lori likidondosha kinyesi njia nzima kutoka Tandika hadi Buguruni, tunapandisha vioo vya daladala na kuziba pua. Bomba lina ramani, lina mhandisi, lina bajeti. Lori lina dereva na utingo wake, na mara nyingi ni hao wawili peke yao wanaojua mzigo umemwagwa wapi. Kanuni za vyombo hivi zimeandikwa kitambo. Kinachokosekana ni mtu wa kuufuata mzigo kutoka shimoni hadi kwenye mabwawa ya kutibu majitaka, na hilo linagusa afya yetu kuliko mambo mengi tunayoyajadili kila wiki kuhusu jiji hili.

Hewa, mpira na mizani

Masharti kuhusu tangi, koki na mpira yanaweza kuonekana kama urasimu mpaka mtu aelewe gari linavyofanya kazi. Pampu yake hainyonyi kinyesi. Inanyonya hewa iliyomo ndani ya tangi na kuitoa nje. Hewa ya ndani ikipungua, uzito wa hewa ya nje unalisukuma tope kupitia mpira mpaka ndani, kama soda inavyopanda kwenye mrija. Ndiyo maana uwezo wa gari una mpaka ambao hakuna injini inayoweza kuuvuka. Hata tangi likiondolewa hewa yote, uzito wa hewa kwenye usawa wa bahari hauwezi kuyapandisha maji zaidi ya mita 10 hivi. Nairobi, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, ni mita 8 na kidogo tu. Na tope la chooni si maji: limejaa mchanga, matambara na plastiki, na linasugua kuta za mpira njia nzima. Kwa kazi halisi, gari la kawaida linavuta vizuri kutoka kina cha mita 2 hadi 3, na linatakiwa liegeshwe ndani ya mita 30 kutoka kwenye shimo. Mita hizo 30 zina maana kubwa Manzese na Vingunguti, na nitazirudia.

Hewa inayotolewa tangini inatoka ikiwa imebeba harufu, na tangi likijazwa kupita kiasi inaweza kutoka ikiwa imebeba kinyesi chenyewe. Kwa hiyo gari linalostahili kuitwa salama lina boya la kufunga njia ya hewa tope linapokaribia juu, na lina kioo au kipimo cha kuonyesha mzigo umefika wapi. Pale boya lilipokufa na halikutengenezwa, pampu hurusha manyunyu machafu barabarani, kwenye nguo zilizoanikwa na kwenye meza ya muuza matunda. Wakati wa kumwaga, madereva wengi hugeuza pampu ili isukume hewa ndani na kuharakisha kazi. Hapo inahitajika valvu ya kupunguza mgandamizo, iliyo nzima, la sivyo anayefungua mfuniko wa nyuma anaweza kupigwa nao.

Mpira unastahili kuangaliwa kwa makini. Chukua mpira wenye kipenyo cha sentimita 10 na urefu wa mita 30, upige hesabu ya ujazo wake: unabeba zaidi ya lita 200. Hizo ni ndoo kumi za kinyesi ambazo, kama dereva atazima pampu kabla mpira haujakauka, zitamwagika njiani au kwenye uchochoro wa jirani wakati utingo anaukunja. Dawa yake ni rahisi. Ncha ya mpira inyanyuliwe juu ya tope huku pampu ikiendelea, ndoo chache za maji zivutwe mwishoni kuusafisha, kisha ncha zote mbili zifungwe kofia na mpira ulazwe kwenye trei yake, usiburuzwe wala kuning'inia nyuma ya gari. Dakika tano zinatosha. Afisa afya anayetaka kujua kama kampuni fulani inafanya kazi vizuri hana haja ya kuanza na makaratasi. Atazame kofia za mipira.

Uzito nao una hesabu yake. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zina sheria ya pamoja ya kudhibiti uzito wa magari, ya mwaka 2016. Ekseli ya mbele ya usukani haipaswi kuzidi tani 8, na ekseli moja ya nyuma yenye tairi mbilimbili haipaswi kuzidi tani 10. Lori la ekseli mbili, basi, jumla yake ni tani 18. Lori lenyewe na tangi lake la chuma na pampu linaweza kuwa na tani 7 au 8 likiwa tupu. Lita 10,000 za tope zina tani 10 au zaidi, maana tope lenye mchanga ni zito kuliko maji. Hapo tayari gari limefika ukomo, na mwenye kuongeza tangi kwa fundi wa kuchomelea ili apate lita 12,000 kwa tripu moja anaendesha gari ambalo breki zake hazikutengenezwa kwa mzigo huo. Hatari nyingine iko kwenye tangi lililojaa nusu. Majimaji hukimbilia mbele dereva anapofunga breki na hukimbilia pembeni anapokata kona, na lori linaweza kupinduka kwa mwendo ambao lori la mifuko ya saruji lisingetikisika. Ndiyo sababu ndani ya tangi huwekwa kuta zenye matundu za kuyavunja nguvu hayo mawimbi. Mnunuzi wa tangi la mitumba huwa hazioni kuta hizo, na fundi aliyeziondoa ili tangi lisafishike kwa urahisi hawezi kumwambia.

Kuna sharti moja ambalo halipaswi kuwa na msamaha wowote: tangi lililobeba majitaka lisibebe maji ya kunywa kamwe. Kuosha hakutoshi. Mayai ya minyoo ya tumbo yana ganda gumu, yanaweza kuishi miezi hata miaka kwenye udongo, na hayaogopi klorini tunayotia kwenye maji. Miezi ya kiangazi, maji yanapopungua bombani, boza la maji linakuwa biashara yenye faida ya haraka. Neno MAJITAKA lililoandikwa ubavuni kwa herufi kubwa, kwa rangi isiyofutika, pamoja na namba ya kibali na ujazo wa tangi, ndilo linalomlinda mama aliyepanga foleni na ndoo zake. Gari lenye tangi lisilo na maandishi yoyote lisiruhusiwe kuvuta karo, hata kama lina leseni ya kubeba mizigo.

Sheria ziko ofisi nyingi

Tanzania haina upungufu wa sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ina sehemu nzima inayohusu taka, yakiwamo majitaka, na mzigo mkubwa wa utekelezaji umewekwa kwa serikali za mitaa. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inampa afisa afya nguvu dhidi ya kero na uchafu unaohatarisha watu. Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019 inazihusu mamlaka za maji na mabwawa yao. Halmashauri zina sheria ndogo zao, zenye vibali, ada na faini. Leseni ya gari la mizigo iko LATRA, usalama wa wafanyakazi uko OSHA, uzito uko mizani, mazingira yako NEMC.

Matokeo yake yanaonekana. Kila ofisi inaona kipande chake cha gari. Trafiki anatazama bima na tairi. Afisa afya anaona tangi likiwa limeegeshwa, halioni likiwa njiani saa nne usiku. Mlinzi wa mabwawa ya Vingunguti anaandika magari yaliyofika. Yasiyofika hana namna ya kuyajua. Hakuna ofisi ambayo kazi yake ni kulinganisha mashimo yaliyovutwa na mizigo iliyofika bwawani, na ulinganifu huo ndio ungefichua kila kitu.

Hapa jirani zetu wa Kenya wametutangulia, angalau kwenye karatasi. Kanuni zao za usimamizi wa taka za mwaka 2006, zilizotungwa chini ya sheria yao ya mazingira ya 1999, zilimtaka kila anayesafirisha taka awe na leseni ya mwaka mmoja kutoka NEMA, mamlaka yao ya mazingira. Gari na vifaa vyake viwe katika hali ambayo haitaruhusu taka kutawanyika, kuvuja, kumwagika wala kutoa harufu mbaya. Gari lifuate njia iliyoidhinishwa, kutoka mahali taka zilipochukuliwa hadi mahali pa kuzitupa. Na wakati wote dereva awe na hati ya ufuatiliaji iliyojazwa, inayoeleza mzigo ni wa nini, umetoka wapi na unakwenda wapi. Mtu yeyote aliyewahi kuona eksosta, yaani lori la majitaka, ikimwaga kwenye mtaro wa mtaa fulani wa Nairobi au Mombasa atasema karatasi hiyo haijawazuia wote. Ni kweli. Lakini karatasi hiyo inampa askari swali la kuuliza. Bila hati, askari aliyelisimamisha gari la majitaka saa sita usiku anaweza kusema tu kwamba linanuka, na kunuka si kosa kwa gari la kazi hiyo.

Ningependa Dar es Salaam, Mwanza, Arusha na Zanzibar ziichukue hati hiyo na kuiboresha. Iwe na vipande vitatu: kimoja abaki nacho mwenye nyumba, kimoja apewe mlinzi wa bwawa, cha tatu kirudi kwa mwenye gari kikiwa na muhuri wa bwawani. Siku hizi hata simu ya mkononi inatosha kuifanya kazi hiyo, na kifaa cha kufuatilia gari kwa setilaiti kinafungwa kwenye bodaboda za mkopo. Kitashindwaje kufungwa kwenye lori la majitaka?

Safari na kishawishi chake

Haitoshi kumwita dereva anayemwaga mtaroni mhalifu na kuishia hapo. Tumpe nafasi ya kupiga hesabu yake. Ameitwa Mbagala au Chanika. Bwawa linalopokea mizigo liko mbali, na foleni inaweza kumla saa mbili kwenda na mbili kurudi. Dizeli ni yake. Akifika bwawani analipa ada ya kumwaga. Tripu tatu kwa siku zinamlipa. Tripu moja na nusu hazimlipi kabisa. Karibu yake kuna mto Kizinga, kuna korongo lisilo na taa, kuna chemba ya mtandao wa majitaka ambayo mfuniko wake umeshaibwa. Kila kitu katika mpangilio huu kinamwadhibu anayefuata kanuni na kumzawadia anayezivunja.

Madhara yake si madogo. Tope linalotoka kwenye choo cha shimo au karo ni kali mara 10 hadi 100 kuliko majitaka yanayopita kwenye bomba, maana halikuchanganywa na maji ya kuogea na kufulia. Mzigo wa lori moja uliomwagwa mto Msimbazi unaumaliza uhai wa kipande cha mto kwa sababu vijidudu vinavyolila tope hilo hutumia hewa yote iliyomo majini. Mto huohuo unapita Vingunguti, unateremka Jangwani na kuingia baharini karibu na Daraja la Selander. Kwenye kingo zake watu wanamwagilia mchicha. Masika, mto unapanda hadi vyumbani. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ulienea karibu nchi nzima, ukadumu hadi 2018, ukawapata watu zaidi ya 30,000 na kuua zaidi ya 500. Malori hayakuuleta ugonjwa huo peke yake. Lakini vimelea vya kipindupindu husafiri kwenye kinyesi, na kinyesi kisichofika bwawani hakina pengine pa kwenda isipokuwa kurudi kwetu.

Bwawani kwenyewe kuna kanuni nyingine inayovunjwa kimyakimya. Mabwawa ya kutibu majitaka hayana mitambo mikubwa. Kazi inafanywa na vijidudu, mwani, jua na muda. Majitaka huingia kwanza kwenye bwawa lenye kina, ambako vijidudu visivyohitaji hewa hulivunjavunja tope. Hupita kwenye mabwawa mengine mapana ambako mwani hutoa hewa kwa mwanga wa jua, na mwisho hukaa kwenye mabwawa ya kina kifupi ambako jua huua vimelea. Maji yanayotoka yanatakiwa yasizidi miligramu 30 za BOD kwa lita kwa viwango vya Tanzania. BOD ni kipimo cha hewa ambayo uchafu uliobaki utaila mtoni. Sasa gari lililovuta oili chafu ya gereji, au kemikali za kiwanda, au rangi za karakana ya nguo, likimwaga mzigo huo humo, vijidudu vinakufa na bwawa zima linakuwa dimbwi la uvundo kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo kibali cha gari hakina budi kutaja aina ya mzigo. Gari la vyoo libebe vya vyoo. Taka za viwandani zina kanuni zake, magari yake na mahali pake, na mlinzi wa bwawa awe na haki ya kuchota sampuli na kulirudisha gari, hata kama dereva ameshalipa.

Serikali na mamlaka za maji nazo zina wajibu unaotangulia faini. Kampala ilijenga mtambo wa Lubigi, uliozinduliwa 2014, ukiwa na sehemu maalumu ya kupokea malori, yenye uwezo wa mita za ujazo 400 za tope kwa siku. DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, nayo imeanza kujenga mitambo midogo ya kuchakata tope la vyooni pembezoni mwa jiji. Hiyo ndiyo njia. Kila sehemu halali ya kumwaga inayosogezwa karibu na Mbagala, Gongo la Mboto au Bunju inapunguza sababu ya kumwaga mtoni, kuliko mabango mia ya onyo. Na ningekwenda mbele zaidi: ada ya kumwaga bwawani ifutwe. Gharama ya bwawa iingizwe kwenye ankara ya maji au kwenye kodi ya majengo, ilipwe na sisi wote ambao vyoo vyetu vinajaa. Anayefikisha mzigo salama atolewe kwenye orodha ya wanaodaiwa.

Mahali lori lisipofika

Narudi kwenye mita 30. Katika mitaa ambayo haikupimwa, nyumba zimebanana kiasi kwamba jeneza hupitishwa kwa kuinamishwa. Lori haliingii. Likisimama barabara kuu, mpira haufiki, na hata ukiungwa, pampu haina nguvu ya kuvuta umbali huo. Hapo ndipo wanapoitwa vijana wa kutapisha. Wanachimba shimo pembeni ya choo, wanatoboa ukuta na kuliacha tope limiminike, au wanasubiri mvua kubwa na kuuachia mtaro kazi iliyobaki. Wengine huingia shimoni na ndoo, baada ya kumimina mafuta ya taa ili kuua harufu.

Majaribio ya kuwapatia kifaa bora yana historia ndefu hapahapa. Kati ya 1988 na 1992, shirika la Kiholanzi la WASTE lilishirikiana na idara ya majitaka ya jiji la Dar es Salaam kutengeneza chombo kilichoitwa MAPET: pampu ya mkono na tangi la lita 200, vyote vikiwa juu ya mikokoteni inayopita uchochoroni. Kilifanya kazi. Vijana waliweza kutoa tope bila kuingia shimoni, wakalifukia kwenye shimo jingine uwanjani hapohapo. Lakini kifaa muhimu cha pampu kilitoka nje ya nchi, na mradi ulipokwisha, vipuri navyo vikaisha. Mwaka 1995 UN-HABITAT ilianza kutengeneza Vacutug, chombo kidogo cha injini chenye tangi la lita 500, kikajaribiwa Kibera, Nairobi. Kilipita njia nyembamba vizuri, ila mwendo wake haukuzidi kilomita 5 kwa saa; kukipeleka hadi mahali pa kumwaga ilikuwa kazi ya nusu siku. Baadaye, karibu mwaka 2007, mhandisi Steven Sugden wa chuo cha afya cha London School of Hygiene and Tropical Medicine alibuni pampu ya mkono ya mabomba ya plastiki iitwayo Gulper, ambayo fundi wa kuchomelea wa Temeke anaweza kuitengeneza. Ilipowekwa pamoja na guta la matairi matatu na mapipa yenye vifuniko, vijana wakapata biashara halali.

Vyombo vyote vitatu vinafundisha jambo ambalo sheria ndogo zetu zimechelewa kulitambua. Kanuni nyingi zinapolitaja gari la majitaka zina picha ya lori moja tu akilini. Guta na mapipa yake halimo. Lisipokuwamo, kijana aliyenunua pampu ya Gulper, akavaa buti na glavu, akafunga mapipa yake vizuri, anakamatwa na mgambo sawasawa na yule aliyetapisha mtaroni. Chombo kidogo kiwekewe masharti yake: mapipa yenye vifuniko vya kukaza, yasiyojazwa mpaka ukingoni, yaliyofungwa yasipinduke, yasiyopita barabara kuu, na yenye kituo cha kupokelea kilicho karibu, ambako lori kubwa litayakusanya. Bila kituo cha kati, guta linafia kwenye tatizo lilelile lililoikwamisha Vacutug.

Aliyeshika mpira

Katika orodha za ukaguzi, mtu huja mwisho, baada ya koki na tairi. Angekuwa wa kwanza. Ndani ya shimo la choo na ndani ya tangi hutanda gesi ya haidrojeni salfaidi, nzito kuliko hewa, ambayo inatulia chini. Ikiwa kidogo inanuka kama yai bovu. Ikifika sehemu 100 kwa milioni inaua uwezo wa pua kunusa, na mtu anadhani imeondoka. Ikizidi 500 au 700 anaanguka, na kwenye 1,000 anaweza kufa baada ya pumzi chache. Vifo vya wawili na watatu kwa pamoja vinavyotangazwa kila baada ya muda kwenye habari zetu hutokea hivi: mmoja anashuka, anaanguka, mwenzake anamfuata kumwokoa, naye anaanguka juu yake. Barakoa ya kitambaa haizuii gesi. Pamoja nayo kuna methani, ambayo huwaka. Sigara moja inatosha kuiwasha, na mafuta ya taa yaliyomiminwa kupunguza harufu huongeza hatari hiyo.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri amlinde mfanyakazi wake, na utingo wa gari la majitaka ni mfanyakazi kama wa kiwandani. Gari liende kazini na buti ndefu, glavu za mpira, miwani, ovaroli zinazofuliwa kazini na siyo nyumbani kwake pamoja na nguo za watoto, sabuni na dumu la maji, na mfuko wa chokaa au klorini wa kumwaga pale tope litakapodondoka. Wafanyakazi wachanjwe pepopunda na homa ya ini, wapewe dawa za minyoo kwa ratiba. Marufuku ya kuingia shimoni au tangini bila kifaa cha kupima gesi, kamba na watu wawili juu iandikwe kwenye kibali chenyewe, na kibali kifutwe ikivunjwa. Naandika haya nikijua kwamba wengi wa vijana hawa hawana mkataba, wanalipwa kwa tripu, na wakiugua wanatoweka kwenye kazi bila mtu kuuliza.

Mwenye nyumba naye ana sehemu yake, na inaanza kabla lori halijaitwa. Matambara, chupa, nepi na taulo za kike vikitupwa shimoni vinaziba mpira, na ukiziba, ni mkono wa mtu utakaouzibua. Karo lijengwe upande wa barabara, likiwa na mfuniko unaofunguka bila nyundo, na wanaopitisha ramani za nyumba wakatae ramani ambayo karo lake limejificha nyuma ya vyumba vya wapangaji. Gari likifika, soma ubavuni pameandikwa nini, omba kibali, tazama kama koki ya nyuma inadondosha. Uliza linakwenda kumwaga wapi. Mlipe dereva sehemu ya pesa kazi inapoanza, na sehemu iliyobaki umtumie kwa simu atakapokuletea picha ya stakabadhi ya bwawani yenye tarehe ya siku hiyo na namba ya gari lake.